Mwanga wa Nje na Mfuko wa Jamaa



Mtu akiisha kujenga nyumba kubwa na kuizungushia ukuta, hutamani kuona kiwanja chake kikiangaza usiku. Tamaa hiyo haina ubaya. Giza lina hatari zake: mzee huteleza ngazini, mtoto hukanyaga nyoka njiani kwenda chooni, na mwizi hupenda mahali asipoonekana. Walakini, mara nyingi shauri hili huanzwa kwa upande wa mwisho. Baba hununua taa kwanza, halafu humwita fundi, halafu hutafuta mahali pa kuziweka. Nayo hesabu ya pesa huja nyuma ya yote, siku karatasi ya malipo ya umeme inapoletwa mlangoni.

Leo twataka kulipanga shauri hili tangu mwanzo wake. Neno letu ni moja: taa ya nje huwekwa kwanza kwa ajili ya mguu, kisha kwa ajili ya mlango, na mwisho kabisa kwa ajili ya jicho. Anayeshika utaratibu huo hutumia pesa chache, naye huona vizuri zaidi kuliko yule aliyemwaga mwanga kila mahali.

Kiwanja chetu cha mfano

Mfano hufundisha kuliko maneno matupu. Tufikiri basi jamaa moja ya Bukavu, iliyofanana na nyingi tunazozijua. Kiwanja chao kiko mtelemkoni, juu ya ziwa Kivu. Urefu wake ni meta 60, upana wake meta 40. Lango liko juu, kando ya barabara. Nyumba iko chini yake, mwendo wa meta 35, na katikati pana ngazi ya vidato 24, iliyogawanyika sehemu tatu. Nyuma ya nyumba, meta 12, pana jiko la nje na choo. Ubavuni, meta 13, pana bomba la maji. Chini kabisa ni bustani ya ndizi na mboga. Ukuta wa kuzunguka una meta 200.

Humo wanakaa baba na mama, watoto sita ambao wawili wao wanasoma sekondari, na mama mzazi wa baba, ambaye macho yake yamepungua nguvu. Pale langoni hulala sentineli. Kwa kazi ya taa baba ameweka akiba ya dola 1,500.

Fundi wa kwanza aliyeitwa akatoa shauri jepesi: projekteri 20 za wati 50, moja kwa kila meta 10 za ukuta. «Baba, usiku utageuka mchana,» alisema. Mama akauliza neno moja tu: «Na ngazi je?» Maana projekteri zote zilikuwa za ukutani, na mkwewe hushuka ngazi ile kila jioni atokapo kwa jirani. Swali hilo la mama ndilo mwanzo wa mpango mwema.

Tutembee usiku kwanza

Mpango wa taa haufanywi mchana. Mchana kila mahali pana mwanga, wala hatuwezi kujua giza limejificha wapi. Basi, siku moja usiku usio na mbalamwezi, jamaa yote itoke nje na tochi moja. Mkubwa kuliko wote atembee toka langoni mpaka mlango wa nyumba. Mdogo atembee toka kitandani mpaka chooni. Mama atoke jikoni akiwa amebeba sufuria kwa mikono miwili, kama afanyavyo kila siku. Kila mahali mtu anaposita, anaponyoosha mkono kutafuta ukuta, au anapoomba tochi, pachomekwe kijiti. Kesho yake vijiti vitasema wenyewe mahali taa inapohitajika.

Kisha wanafunzi wa nyumba wachukue daftari lenye viraba na kuchora kiwanja. Kiraba kimoja kiwe meta 2. Basi kiwanja chetu cha mfano kitakuwa viraba 30 kwa viraba 20, nacho chaenea katika ukurasa mmoja. Wachore lango, njia, ngazi, milango, bomba, miti mikubwa na mahali sanduku la umeme lilipo. Vijiti vyote viwekwe alama. Karatasi hiyo itawasaidia watu watatu: baba atakayehesabu pesa, fundi atakayechimba, na yule atakayelima bustani miaka kumi baadaye asikate waya kwa jembe.

Kazi tatu za mwanga

Sasa alama zile zigawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la lazima: mahali mtu anapoweza kuanguka au kuumia. Katika mfano wetu ni lango, taa 2 za wati 9. Ngazi, taa ndogo 6 za wati 3. Milango miwili ya nyumba, taa 2 za wati 7. Na njia ya jiko na choo, taa 3 za wati 5. Jumla ni taa 13, na wati 65 tu.

Fungu la pili ni la kufaa: mahali pa kusimamishia gari, taa 1 ya wati 20, bomba la maji, taa 1 ya wati 5, na pembe mbili za nyuma za ukuta, ambako hakuna anayepita kwa haki usiku, taa 2 za wati 20. Hizi za gari na za pembe zisiwake daima, bali ziwashwe na kifaa kinachotambua mtu anayetembea. Taa inayowaka ghafula humshtua mgeni mbaya na kumwamsha mlinzi. Ile inayowaka usiku kucha huzoeleka, na mwisho hakuna anayeitazama.

Fungu la tatu ni la kupendeza: taa chini ya mwavokado mkubwa, taa ya kuonyesha maua, taa ya baraza la kuongea. Hatusemi kwamba uzuri ni bure. Nyumba nzuri hufurahisha wenyeji na wageni. Twasema tu kwamba fungu hili lingoje zamu yake. Si vema mti uangazwe, huku bibi anapapasa ngazini.

Mwanga mwingi si kuona vizuri

Watu wengi hufikiri kwamba taa kali zaidi huonyesha zaidi. Sivyo. Jicho la mtu hujizoeza giza polepole. Huchukua dakika 20 hata 30 kufikia nguvu zake zote za usiku. Likipigwa na projekteri, nguvu hizo hupotea mara moja. Sentineli aliyesimama mbele ya taa kali haoni kitu nyuma yake. Lakini yule aliye gizani humwona sentineli vizuri sana. Hivyo taa imemtumikia mwizi. Tukumbuke kwamba mwezi mpevu hauletei ardhi hata luksi 1, na luksi ndiyo kipimo cha mwanga unaofika chini. Hata hivyo mtu hutembea chini ya mwezi akijua njia. Mguu hauhitaji mwanga mwingi. Wahitaji mwanga uliowekwa mahali pake.

Ngazini, jambo hili laonekana wazi. Taa moja kali ikiwekwa juu ya ukuta wa nyumba, mtu anayeshuka huipata machoni. Na anayepanda ikiwa nyuma yake, kivuli chake mwenyewe hufunika kidato anachotaka kukanyaga. Dawa yake ni taa ndogo za ubavuni, kimo cha sentimeta 30 hadi 50, zenye kifuniko juu ili mwanga uanguke chini tu. Hapo ukingo wa kila kidato huonekana, na wati 3 zatosha. Kidato cha kwanza na cha mwisho cha kila sehemu visikose mwanga, maana hapo ndipo mguu hudanganyika zaidi.

Tuangalie rangi pia. Katika maduka huandikwa kwa herufi K. Taa ya 2,700 K au 3,000 K ina rangi ya joto, karibu na ile ya moto wa kuni. Ya 6,500 K ni nyeupe yenye kuelekea buluu. Kwa nje twapendelea ile ya joto. Haichomi macho, na wadudu huifuata kidogo kuliko nyeupe. Kila mtu ameona jinsi kumbikumbi wanavyofunika taa nyeupe baada ya mvua. Ni furaha kwa watoto wanaowaokota, lakini si furaha kwa mama ambaye taa hiyo iko juu ya mlango wa jiko lake.

Tena kuna jirani. Projekteri iliyoelekezwa mbali huingia dirishani mwake na kumnyima usingizi. Taa zetu zitazame chini, ndani ya kiwanja chetu. Mwanga unaovuka ukuta ni pesa yetu iliyotupwa nje, na tena ni chanzo cha ugomvi.

Hesabu ya umeme

Karibu na ikweta usiku wetu una saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi, na hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya: wati huzidishwa kwa saa.

Shauri la fundi wa kwanza lilikuwa projekteri 20 za wati 50, yaani wati 1,000. Zikiwaka saa 12, hutumia kilowati-saa 12 kila usiku. Kwa mwezi wa siku 30 ni 360. Kwa mwaka ni 4,380.

Sasa tuhesabu mpango wetu, mafungu mawili ya kwanza pamoja. Taa za lango na za milango, wati 32, ziwake usiku kucha: 32 mara 12 ni wati-saa 384. Taa za ngazi, za njia na za bomba, wati 38, ziwake toka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku: 38 mara 5 ni 190. Baada ya saa tano ziwashwe na hatua za mtu tu, pamoja na zile tatu za wati 20; tukizikadiria zote saa moja kwa usiku, ni wati-saa 98. Jumla ni 672, yaani haifiki hata kilowati-saa moja. Kwa mwezi ni 20 hivi. Kwa mwaka 245.

Tuseme, kwa mfano, kilowati-saa moja yauzwa dola 0.10. Mpango wa kwanza utadai dola 438 kila mwaka. Wa pili dola 24 na nusu. Tofauti yake yapita dola 400, nayo hurudi mwaka kwa mwaka. Kwa jamaa yenye watoto wawili katika sekondari, pesa hiyo ina jina: ni minervali.

Taa zote tulizozihesabu ni za LED. Ampuli ya zamani yenye uzi unaowaka ilitumia wati 60 kwa mwanga ambao LED hutoa kwa wati 8 au 9. Tena ilikufa baada ya saa 1,000 hivi. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura aliyezaliwa Japani, ndio waliopata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo bila hiyo taa hizi nyeupe zisingalikuwako. Taa ya LED iliyoandikwa saa 25,000, ikiwaka saa 12 kila usiku, yaweza kufika miaka mitano na nusu na zaidi. Lakini yafaa kusoma yaliyoandikwa juu ya sanduku lake. Mahali ambapo nguvu ya umeme hupanda na kushuka, tuchague taa iliyoandikwa kwamba yavumilia kutoka volti 85 hadi 265; ile iliyotengenezwa kwa volti 220 peke yake hufa mapema.

Kile kisichoonekana

Twafika sasa penye jambo kubwa kuliko yote, ambalo watu wengi hulipunguza ili wapate taa nyingi zaidi. Umeme wa nje si kama umeme wa ndani. Nje kuna mvua, majani mabichi, jembe, panya, na watoto wanaotembea bila viatu. Waya mwembamba wa ndani ulioning'inizwa juu ya ua wa miti waweza kuonekana mzima kwa miezi mingi. Ngozi yake hupasuka kwa jua, maji huingia, na siku moja mtoto hugusa uzio uliolowa. Hakuna taa inayostahili hatari hiyo.

Basi, mambo matano yasikosekane.

La kwanza, kebo ya kuzikwa, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye nyuzi tatu, mmoja ukiwa wa kuingia ardhini. Ipitishwe ndani ya mpira wa kuilinda. Mfereji uwe na kina kisichopungua sentimeta 60, na zaidi pale gari linapopita. Chini huwekwa mchanga; juu ya kebo hutandazwa wavu mwekundu wa kuonya, ili anayechimba kesho aone wekundu kabla ya kufika kwenye umeme.

La pili, kifaa cha kukata umeme, ambacho mafundi wetu hukiita disjonkteri, cha aina ya milliampere 30. Umeme ukianza kupotea kwa njia nyingine, labda kwa mwili wa mtu, chenyewe hukata kabla mtu hajamaliza kupiga kelele. Kina kitufe kidogo cha kukijaribu. Baba akibonyeze kila mwezi. Kisipokata, kibadilishwe siku hiyohiyo.

La tatu, waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, uliopimwa na fundi kwa chombo, si kwa maneno.

La nne, kinga ya radi. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha hesabu ya radi za dunia zilizoonwa na satelaiti kwa muda wa miaka 16. Mahali pa kwanza duniani palikuwa ziwa Maracaibo, huko Venezuela. Mahali pa pili, na pa kwanza katika Afrika, palikuwa sehemu moja ya mashariki ya Kongo waliyoiandika kwa jina la Kabare: radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilometa ya mraba. Sisi wa Kivu hatukuhitaji satelaiti kulijua jambo hilo. Lakini twahitaji kulihesabu. Kifaa cha kuzuia mshindo wa radi kiwekwe katika sanduku la umeme, na wakati wa dhoruba kali taa za nje zizimwe.

La tano, taa yenyewe iwe ya nje. Husomwa juu yake herufi IP na tarakimu mbili: ya kwanza husema habari ya vumbi, ya pili habari ya maji. IP44 huvumilia matone, nayo yatosha chini ya paa la baraza. IP65 huvumilia maji ya kurushwa, nayo yafaa ukutani na ngazini. Taa ya kuzikwa ardhini iwe IP67. Taa isiyoandikwa kitu ibaki ndani ya nyumba.

Wengine huuliza: je, si afadhali taa za volti 12, ambazo hazimdhuru mtu akizigusa? Ni shauri zuri kwa mahali pa karibu. Lakini umeme wa volti 12 hauendi mbali. Taa za wati 60 kwa volti 12 hudai ampere 5. Katika waya wa shaba wa milimeta mraba 2.5, mwendo wa meta 30, hupotea volti 2 hivi njiani, yaani sehemu moja katika sita, na taa za mwisho hufifia. Kwa volti 220 kazi hiyohiyo hupoteza kiasi kidogo kabisa. Basi volti 12 iwe ya bustani iliyo karibu na nyumba. Ya lango la mbali ifuate njia ya kwanza, pamoja na kinga zake zote.

Hesabu ya pesa

Bei tunazoziandika hapa ni za mfano tu. Kila mtu aweke mahali pake bei za duka lake na za fundi wake. Utaratibu wa hesabu ndio tunaoufundisha.

Kwa fungu la kwanza: kuchimba na kufunika mfereji wa meta 60, pamoja na ule wa bomba utakaotumika baadaye, dola 120, kebo meta 80, pamoja na zile za kupanda kwenye taa, dola 240, mpira wa kulinda, dola 60, mchanga na wavu mwekundu, dola 40, sanduku la umeme pamoja na disjonkteri, kinga ya radi na chuma cha ardhi, dola 180, taa 13, dola 195, mshahara wa fundi, dola 150. Jumla dola 985. Tuongeze sehemu moja katika kumi kwa mambo yasiyotazamiwa, kama mwamba katika mfereji au siku za mvua. Twafika dola 1,085 hivi.

Msomaji aone jambo moja: taa zenyewe ni dola 195 tu, karibu sehemu moja katika tano. Sehemu nne zimekwenda katika vitu ambavyo mgeni hatavisifu, kwa sababu hatavitazama. Hivyo ndivyo ilivyo hesabu njema ya taa za nje. Ukiletewa hesabu ambayo taa zimekula pesa zote, muulize fundi amepunguza nini.

Tuilinganishe na shauri la ukuta. Projekteri 20 kwa dola 25 ni dola 500. Kebo meta 200 ni dola 600. Mshahara dola 250. Jumla dola 1,350, bila mfereji, bila kinga ya radi, bila akiba yo yote. Na ngazi bado ingali gizani.

Baba wa mfano wetu akichukua mpango wa mguu kwanza, hubaki na dola 415. Asizitumie zote kwa taa. Mwaka wa kwanza afanye fungu la kwanza peke yake. Lakini mfereji ukiwa wazi, alaze ndani yake mpira mmoja mtupu kando ya ule wenye kebo, na kamba ndani yake ya kuvutia waya wa baadaye. Gharama yake ni ndogo, nao utamwokoa asichimbe mara ya pili. Mwaka wa pili, kama shule zimelipwa, afanye fungu la pili. Mwaka wa tatu mwavokado upate taa yake. Haba na haba hujaza kibaba. Na kinachojengwa kwa vipande hakimlazimishi mtu kukopa.

Hesabu isiishie siku ya kuwasha. Kila mwaka itengwe pesa ya umeme, ya taa moja au mbili za kubadilisha, na ya siku moja ya fundi kukagua viungo vyote. Mabuibui na udongo hufunika kioo cha taa na kuiba mwanga wake. Watoto wapewe kazi ya kufuta taa kila mwezi, zikiwa zimezimwa.

Na wale wasio na waya wa umeme?

Wengi wa wasomaji wetu wanakaa mbali na nguzo za umeme, au wanazo nguzo lakini umeme hauji kila siku. Kwao jua ni msaada wa kweli, ila hesabu ni ileile. Mpango wetu hudai wati-saa 672 kwa usiku. Tukikadiria saa 4 za jua zuri kwa siku, na kuondoa sehemu tatu katika kumi zinazopotea njiani, kibao cha jua cha wati 240 chatosha. Betri ya volti 12 na ampere-saa 140, ya aina ya lithiamu na chuma, yaweza kuwalisha usiku mbili bila kumalizwa kabisa. Mpango wa projekteri 20 ungedai vyombo mara kumi na nane ya hivyo. Hapo ndipo mtu huelewa kwamba kupanga mwanga ni kupanga pesa.

Kibao kisiwekwe chini ya mti. Kwetu jua hupita karibu juu ya kichwa, basi chaweza kulala karibu sawa. Lakini kiinamishwe kidogo, nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Tena hesabu ifanywe kwa mwezi wa mawingu, si kwa Julai. Zile taa ndogo zinazobeba kibao chao juu ya kichwa zafaa kwa njia ya choo au bomba. Lakini wengi huzinunua kwa bei ya chini na kuziona zimekufa baada ya msimu mmoja, kwa kuwa betri yake ni dhaifu. Muuzaji aulizwe kwanza kama betri yaweza kubadilishwa. Akisema haiwezekani, mnunuzi ajue kwamba ananunua taa ya muda.

Neno la kumaliza

Ndugu wasomaji, sifa ya nyumba haipimwi kwa wati za ukuta wake. Mgeni akishuka ngazi bila kushikwa mkono, mtoto akienda chooni na kurudi bila hofu, jirani akilala, na mwisho wa mwezi pesa ya shule ikiwa bado kabatini, basi kiwanja hicho kimeangazwa vizuri. Anayetaka kuanza asiende dukani kesho. Angoje usiku usio na mbalamwezi, akate vijiti, na kumwita mzee wa nyumba atembee mbele.